Hakuwahi Kuziomba

Mchungaji Eddings, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na nyote mliosafiri kuja hapa Pinder's Crossing katika baridi hii ya Februari, familia ya Gadsden na familia ya Wigfall zimenikabidhi mimi, Ozella, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea maisha yake. Naomba mjue kwamba sehemu kubwa ya haya aliyapanga mwenyewe akiwa kitandani, akisema kidogo kidogo kadiri pumzi ilivyomruhusu huku binti yake Lavinia akiandika, na kwamba alituonya. Alisema, "Msije mkasoma kwamba niliugua kwa muda mrefu, basi, mkakaa chini. Kila mtu huugua kwa muda mrefu. Semeni niliugua nini, na semeni niliupata wapi."

Marehemu Arnetha Louvenia Gadsden Wigfall, ambaye wengi wenu mlimwita Netha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, hapa hapa Pinder's Crossing, South Carolina, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasulia miti, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Isaiah Gadsden, mpasua mbao, na Bi Louvenia, ambaye aliwafulia na kuwapigia watu pasi mpaka mgongo ulipokataa. Alibatizwa katika kanisa hili Pasaka ya mwaka 1968, na wanaokumbuka siku hiyo wanakumbuka kwamba alipotolewa majini alimwuliza mchungaji wa wakati ule kwa nini bomba la kisima cha ubatizo linavuja, na kama angependa baba yake aje kulitazama.

Alianza shule ya msingi Septemba 1963 katika shule ya watoto weusi iliyokuwa upande wa pili wa reli, na mwaka 1970 shule zilipounganishwa alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kupelekwa kwa basi hadi sekondari ya mjini, ambako hakuna aliyewangoja kwa furaha, na ambako alimaliza tarehe 6 Juni 1975. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana darasani, lakini lile basi likiharibika njiani, dereva, Bwana Furman, alikuwa akigeuka nyuma na kuuliza, "Yuko wapi yule binti wa Gadsden?" Asubuhi moja mkanda wa feni ulikatika katikati ya mashamba, Netha akatazama chini ya boneti, akarudi ndani, akamwambia kwa adabu mwalimu aliyekuwa akisafiri nao, "Mwalimu Prioleau, naomba soksi yako." Mwalimu alicheka, akaivua nyuma ya mti, na basi likafika shuleni likiwa limefungwa soksi ya nailoni, wakachelewa somo la kwanza tu.

Baada ya shule alifanya kazi karibu miaka miwili katika kiwanda cha kuku, kazi aliyoichukia, kisha tarehe 14 Februari 1977 akajiunga na jeshi. Mama alimwuliza, "Jeshi linataka nini kwa mtoto wa kike?" naye akajibu, "Linataka mtu wa kutengeneza helikopta, Mama, na mimi nataka kutengeneza helikopta." Jioni Mama akampigia pasi nguo zake zote, hata zile ambazo asingezihitaji, na sote tukajua kwamba ameruhusiwa.

Alipomaliza mafunzo alipangiwa Kambi ya Tolliver, Alabama, akafika huko Septemba 1977, akawekwa karakana namba nne, ambako vyuma vya injini vilisafishwa kabla ya kukaguliwa na kurudishwa mahali pake. Walikuwa wanawake watatu katika kazi ile, Netha, Odessa Tubbs ambaye ametutangulia, na Marva Lightsey, ambaye tunamshukuru kwa kuja leo kutoka mbali, na tunaomba aendelee kuketi, asisumbuke kusimama. Kazi yao ilifanyika kwenye chombo kikubwa cha chuma, kikubwa kuliko hori la kunyweshea ng'ombe, kilichojaa kiyeyusho cha kuondolea grisi, kilichopashwa moto kidogo ili kifanye kazi haraka, na juu yake ukaelea mvuke wenye harufu tamu, ndiyo maana askari wote wa karakana walikiita supu. Vyuma vilizamishwa ndani ya supu kwa kikapu, na vile vidogo vilifuatwa kwa mikono, mpaka kwenye viwiko, vikasuguliwa, vikafutwa kwa matambara.

Ikifika jioni, kwa kuwa sabuni ya kawaida haikuweza kuitoa grisi ile, walinawa mikono kwa supu, walitoa madoa ya magwanda kwa supu, na aliyeinama juu yake kwa muda mrefu akatoka akipepesuka alichekwa, "Huyo amelewa supu, mpeni maziwa," kwa sababu iliaminika kambini kwamba maziwa hutuliza kichwa. Mkuu wa karakana, Kapteni Rusk, alipita mara nyingi akasimama mlangoni, na siku Odessa alipomwuliza kama dawa ile haina madhara, alijibu akitabasamu, "Ni sabuni yenye nguvu tu, mabinti. Ingekuwa mbaya, jeshi lingewapa?" Netha aliyasimulia maneno hayo maisha yake yote, na mwanzoni aliyasimulia kwa fahari, kwa sababu alilipenda jeshi, alipenda kung'arisha viatu vyake, alipenda kuona helikopta ikiinuka akijua kwamba kila chuma kilicho ndani yake kimepita mikononi mwake, na swali la kapteni lilikuwa na jibu moja tu moyoni mwake, kwamba hapana, jeshi lisingewapa.

Matambara yalitolewa ghalani kila asubuhi, kwenye dirisha lenye wavu wa chuma, na aliyeyatoa alikuwa mtunza ghala, Koplo Theron Wigfall, mwenyeji wa Georgia, mtu mpole, mwenye mwandiko mzuri na mzaha wa chini chini. Siku moja alimwambia, "Kumi tena? Jana umechukua kumi. Unayala?" Netha akasema, "Nayachovya kwenye supu." Theron akayahesabu, akayapitisha dirishani, kisha akasema bila kumtazama, "Basi Jumamosi nikupeleke ukale chakula cha watu." Walikwenda, wakala samaki wa kukaanga kando ya barabara, na tarehe 21 Juni 1980 wakafunga ndoa katika kanisa hili, mbele ya madhabahu hii, mimi nikiwa msimamizi wa bibi harusi katika gauni la rangi ya machungwa ambalo dada yangu aliendelea kunicheka nalo hadi mwezi uliopita.

Ndoa ile ilibarikiwa watoto wawili, Lavinia, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1982, na Amos, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1984, na kati yao kulikuwa na mimba moja iliyofika mwezi wa sita, ambayo Netha hakuacha kuihesabu, hivyo nasi tunaihesabu. Mwaka 1981 ghala la Theron lilitangazwa kuwa ghala bora la kambi nzima, kwa sababu wakaguzi walipofika walikuta rafu zake zimejaa, hakuna kilichopungua, akapewa cheti na kupandishwa cheo, na Netha akamwokea keki ya nazi yenye tabaka tatu, akaibeba mwenyewe mpaka ghalani, wakaila yeye, mumewe, Odessa, Marva na Kapteni Rusk, wamesimama mbele ya lile dirisha la wavu.

Aliacha jeshi kwa heshima tarehe 30 Aprili 1987 ili alee watoto karibu na Mama, naye Theron akaendelea kulitumikia mpaka alipostaafu mwaka 1997. Mwezi Agosti 1988 marehemu aliajiriwa katika karakana ya mabasi ya shule ya kaunti yetu, mwanamke wa kwanza kushika spana pale, na siku ya kwanza msimamizi, Bwana Clyde Hutto, ambaye namwona pale nyuma akiinamisha kichwa, alimwambia, "Bibi, jiko liko upande ule," naye akamjibu, "Asante, ukifika huko niletee kahawa, mimi nina gia ya kushusha." Wawili hao walifanya kazi pamoja miaka ishirini na moja, na Bwana Hutto amemletea kahawa nyumbani kila Ijumaa tangu alipoacha kazi, mpaka Ijumaa ya mwisho.

Ugonjwa wake ulianza katika majira ya baridi ya mwaka 1999, vidole vilipoanza kuwa vyeupe kama nta kila akishika chuma cha baridi, kisha vya buluu, kisha vikamchoma kama moto, naye akadhani ni umri. Baadaye ngozi ya mikono ikaanza kukaza, ikavuta vidole vikajikunja, ikapanda kwenye viwiko, ikafika usoni, mpaka kinywa chake kikawa kidogo na kicheko chake, mlichokijua, kikawa kinatokea machoni peke yake. Alizungushwa kwa madaktari mbalimbali, mmoja akasema ni mzio, mwingine akasema ni wasiwasi wa wanawake wa umri ule, hadi Oktoba 2004 alipofika kwa Daktari Prabhakar, ambaye alimwambia kwamba ni ugonjwa wa ngozi kukakamaa, usiokomea kwenye ngozi, kwamba ungefika kwenye mapafu, kisha akaweka kalamu chini akamwuliza, "Mama Wigfall, ulipokuwa kijana ulifanya kazi gani? Uliwahi kushika viyeyusho?" Alisema kwamba katika miaka yote ile ya kuumwa hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kazi yake, na kwamba alipoanza kueleza juu ya supu, daktari yule aliinuka akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa karibu naye.

Daktari alimweleza wazi kwamba utafiti umekuwa ukionyesha uhusiano kati ya dawa za namna ile na maradhi kama yake, kwamba hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu, lakini ni jambo la kufikiriwa kwa uzito. Netha alirudi nyumbani akampigia Marva, akakuta Marva mikono imeanza kumtetemeka na hawezi tena kushika kikombe, na Marva akampa habari kwamba Odessa alifariki mwaka 2003 kwa figo. Mwaka 2009 vidole vilikataa spana, akaacha kazi, na mwaka 2010 aliwasilisha madai kwa ofisi inayohusika na askari wastaafu, yeye huku Carolina, Marva naye huko aliko, wakiomba jambo moja, kwamba itambuliwe kuwa waliugulia kazini.

Baraza la madai lilimsikiliza tarehe 17 Oktoba 2012. Alivaa suti ya buluu, Theron akamfunga vifungo kwa sababu vidole vyake havikuweza tena, na njiani alikuwa na matumaini, kwa kuwa alihitaji shahidi mmoja tu aliyekuwepo kambini, atakayesema kwamba walifanya kazi ile mikono mitupu, na shahidi huyo alikuwa ameketi kando yake akiendesha gari. Aliulizwa yeye kwanza, akaeleza yote. Kisha mwenyekiti akamgeukia mumewe, akamwuliza kama ndiye aliyekuwa mtunza ghala, akajibu ndiyo, na mwenyekiti akauliza, "Glavu nzito za mpira, za kushikia kiyeyusho kile, zilikuwepo ghalani?"

Netha alisema kwamba alishangaa kuona swali rahisi namna ile linamchukua mumewe muda. Theron alitazama meza, akasema, "Zilikuwepo."

Mwenyekiti akauliza, "Mke wako aliwahi kunyimwa?"

Theron akasema, "Hapana, bwana. Hakuwahi kuziomba."

Marehemu alituambia kwamba alidhani hakusikia vizuri, kisha akadhani mumewe amechanganya kambi, kwa kuwa baada ya Tolliver alihamishiwa nyingine mbili, akangoja asahihishe, mwenyekiti akashukuru, akafunga kikao, na mumewe akamshika kiwiko kumsaidia kusimama. Walipokuwa kwenye gari, kabla halijawashwa, alimwuliza, "Zilikuwa wapi?"

"Rafu ya nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Theron akasema, "Nyuma yangu."

Hapo ndipo alipoyajua, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, kwamba makasha ya glavu na ya vifunika pua yaliletwa kambini pamoja na mapipa ya kwanza ya supu, yakiwa na onyo limebandikwa, na kwamba Kapteni Rusk aliagiza yasitolewe, kwa sababu kilichotolewa kingepungua, na wakaguzi walikuwa wanahesabu rafu, hawahesabu mikono ya watu. Theron alitii. Kila asubuhi alipitisha matambara dirishani, kwanza kwa askari mgeni, kisha kwa mchumba wake, kisha kwa mke wake aliyekuwa mjamzito, na glavu zikiwa nyuma ya mgongo wake. Netha alimwuliza kwa nini basi hakulieleza baraza habari ya kapteni, naye akasema aliogopa, kwamba alidhani wakisikia glavu zilikuwepo wataelewa wenyewe kwamba jeshi lilijua hatari yake. Netha akamwuliza, "Na hilo la kuomba?" Theron akawasha gari.

Madai yalikataliwa kabla ya Krismasi, kwa maelezo kwamba kinga ilikuwepo na mhusika hakuitumia, na kwa maneno hayo hayo, yaliyotoka kinywani mwa shemeji yetu, madai ya Marva nayo yakaanguka. Marva alipiga simu akasema, "Netha, mume wako ametumaliza wawili kwa sentensi moja," na dada yangu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, safari hii hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wapo watu hapa waliojiuliza kwa nini hakumwacha. Lavinia alimwuliza waziwazi, naye akasema, "Nikimfukuza atakwenda kusahau. Akiwa hapa ananiona kila siku." Theron alihamia chumba cha Amos, na kila asubuhi aligonga mlango, akaingia, akamfunga mkewe vifungo, akamchana nywele, akamkatia chakula vipande vidogo vya kupita katika kinywa kile, na Netha akaweka sharti moja, "Vifungo ndiyo. Maneno hapana." Waliishi hivyo miaka mitatu ndani ya nyumba moja, na sisi tuliokuwa tukiwatembelea Jumapili tulikula wali wao mwekundu na kamba wao tukijifanya hatuoni.

Naye alilikasirikia jeshi kuliko alivyomkasirikia mumewe, hilo aliagiza liandikwe. Alisema mume ni mtu mmoja, anaweza kuwa mwoga, lakini jeshi lilikuwa na madaktari, lilikuwa na wataalamu, lilijua kiasi cha kuandika onyo na kubandika kwenye kasha, kisha likampa msichana wa miaka ishirini tambara. Aliishusha picha yake ya magwanda ukutani, akaiweka kabatini, baadaye akairudisha, akasema, "Huyu mtoto hakufanya kosa lolote."

Mwaka 2015, jikoni, bila kuulizwa, Theron alisema, "Nataka kwenda kusema tena." Rufaa ilisikilizwa tarehe 11 Mei 2016, Netha akiwa tayari na mtungi wa oksijeni, na safari hii mumewe alisimama akasema yote, onyo, makasha, amri ya kapteni, cheti, mpaka keki ya nazi. Mwenyekiti safari hii alikuwa mwanamke. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Bwana Wigfall, mara ya kwanza ulisema mkeo hakuwahi kuziomba. Leo unasema zilifichwa. Lipi ni la kweli?"

"Yote mawili, mama."

"Yote mawili hayawezi kutusaidia," mwenyekiti akasema.

Uamuzi ulitoka Agosti, ukisema kwamba shahidi amebadilisha maelezo yake, hivyo baraza haliwezi kuyategemea ya kwanza wala ya pili, na kwamba kuhusu kiyeyusho, inawezekana ndicho chanzo, lakini haikuthibitika. Kapteni Rusk alikuwa amekwisha kufa, kitandani kwake, kwa uzee. Netha alisomewa neno lile, inawezekana, akainua mikono yake miwili iliyojikunja kama makucha ya ndege, akamwuliza Lavinia, "Na hii? Hii nayo inawezekana?" Siku ile ile alimwita mumewe, akamwambia maneno mengi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2012, na katika hayo alituruhusu kusoma haya tu, "Ulisema vizuri, Theron. Lakini yale ulipaswa kuniambia mimi, pale dirishani, nikiwa nimeshika keki."

Tangu hapo mapafu yalizidi kukaza. Alilazwa mara kadhaa, mara ya mwisho tarehe 20 Januari mwaka huu 2019, akaomba arudishwe nyumbani, na Jumapili tarehe 3 Februari, mchana, wakati watu wakitoka ibadani, akiwa na watoto wake wawili, mume wake na mimi, alivuta pumzi ndefu kuliko alizokuwa akivuta siku zile, nasi tukadhani amepata nafuu, kumbe ndiyo ilikuwa inaondoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na wadogo watatu.

Aliagiza azikwe kwa heshima za kijeshi kwa sababu, alisema, alizifanyia kazi. Aliagiza pia kwamba askari watakaokuja kuikunja bendera, ambao kwa desturi yao huvaa glavu nyeupe, waombwe wazivue. Tulidhani watakataa. Sajenti aliyewaongoza leo asubuhi, mwanamke, alitusikiliza nje pale kwenye ngazi, akauliza sababu, akaelezwa, akasema taratibu haziruhusu, kisha akaanza kuvua za kwake, kidole kimoja kimoja. Bendera atakabidhiwa Lavinia.

Kwa mujibu wa sheria, aliyebaki na haki ya kuyaendeleza madai ya marehemu ni mume wake, hakuna mwingine, si watoto, si mimi. Netha alilijua hilo, likamchekesha kwa macho. Alimwambia, "Sheria inasema ni wewe, basi ni wewe. Utakwenda, utakwenda tena. Wakikuuliza lipi ni la kweli, anza na kwamba mimi sikujua."

Mchungaji wetu, kwa nia njema, alituomba tupunguze baadhi ya haya, akisema si ya kusomwa mbele ya jeneza, na tunamheshimu, lakini aliye ndani ya jeneza ndiye aliyetutuma. Shemeji yetu Theron alisomewa karatasi hii juzi, mezani, yote. Hakutaka neno lolote lifutwe. Aliomba niongeze moja tu, kwamba ufunguo wa rafu ile alikuwa nao yeye peke yake, na kwamba usiku wowote angeweza kuifungua. Nimeongeza.

Familia inamshukuru kwa moyo wote Daktari Prabhakar, aliyeuliza swali ambalo wengine hawakuuliza, na wauguzi wake, inamshukuru Bwana Hutto na mafundi wote wa karakana ya mabasi, ambao leo wameegesha mabasi sita nje ya kanisa ili kuwapeleka watu makaburini, inawashukuru majirani wa barabara ya kiwandani kwa kuni, kwa supu, samahani, kwa mchuzi, na kwa mikesha, akina mama wa kanisa wanaotungoja ukumbini na kuku na mboga na wali, na Marva Lightsey, aliyesafiri na mikono yake ile kuja kumuaga mwenzake, na ambaye madai yake, aliyoyafungua upya, bado yako mezani kwa watu. Inamshukuru pia Theron Wigfall, aliyemfunga dada yetu vifungo kila asubuhi mpaka asubuhi ya mwisho, na jana akamfunga vile vya gauni alilolala nalo hapa. Tumelisema hilo kwa sababu ni kweli, na yale mengine tuliyasema kwa sababu hiyo hiyo.

Lala sasa, Netha, mtoto wa Isaiah na Louvenia. Sisi tunabaki kuuliza kwa ajili yako.